Kikosi cha Fundi Gaspari

Alhamisi alasiri, wanajumuiya walipokuja kumwombea Gaspari, walimkuta vitani.

Alikuwa kwenye kochi la sebuleni, mguu wa kulia umenyooshwa juu ya stuli, kompyuta ya bintiye mapajani, kijasho kimemtoka juu ya mdomo kama mtu anayechimba msingi. Katekista Hezekia alipiga hodi mara ya pili, akaingia na kofia mkononi. Wanawake wa jumuiya wakamfuata na vitabu vyao vya nyimbo.

"Tumsifu Yesu Kristo."

"Milele amina," Gaspari alijibu bila kuinua macho. "Karibuni mkae, katekista. Mnisubiri kidogo tu, wamebaki wawili."

"Wawili wepi?"

"Maadui."

Anastazia, mkewe, alikuwa mlangoni na sinia la vikombe. Alihisi uso unamwaka kama aliyeinamia jiko. Aliweka sinia chini, akamwendea mumewe, akaifunga ile kompyuta kwa kiganja. "Alikuwa anamsaidia Agripina mambo ya chuo," alisema. Hakuna aliyeamini, maana chini ya mfuniko mapanga yaliendelea kugongana na farasi mmoja akalia.

Waliimba, wakasali. Katekista aliuombea mguu, halafu akavuta pumzi akaiombea na akili, itulie na irudi mahali pake. Gaspari aliitikia amina pamoja na wengine. Wakati wa kuagana mama mmoja alimshika Anastazia mkono pale nje, upepo ukiwapeperusha khanga, akamnong'oneza, "Pole mwenzangu. Kumbe aliumia mpaka kichwani."

Anastazia alishukuru. Wageni walipopotea kwenye kona alimwita binti yake uani. Agripina alikuwa likizo, amekuja kutoka chuo cha Dodoma, na ile kompyuta ilikuwa yake, aliinunua kwa mwenzake ikiwa imeshachakaa.

"Wewe ndiye uliyemletea baba yako huu mchezo."

"Nilitaka aache kutazama ukuta, mama."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu aanguke kazini kutoka juu ya ukuta, akatoka hospitali baada ya Pasaka na chuma ndani ya paja, Gaspari alikuwa akiutazama ukuta. Daktari alisema mfupa umeshika vizuri, kilichobaki ni kutembea kila siku. Yeye alitembea mpaka chooni na kurudi, basi. Mtu aliyejenga nusu ya nyumba za pale Unyambwa akawa hajui hata kama tenki la maji la jirani limeshajengwa au bado.

"Gemu yenyewe ya nini?"

"Ya mamluki."

Anastazia alikunja uso. Neno hilo alilisikia kwenye mikutano ya siasa tu, wanapomtaja mtu aliyewauza wenzake.

"Siyo hao, mama. Hawa ni askari wa kukodiwa. Hawana nchi wala mfalme. Unawaongoza kijiji hadi kijiji, mwenye vita yake anawachukua, mnapigana, mnalipwa, mnahama. Ni lazima uwalishe, uwatibu, ujue nani amechoka na nani amekata tamaa. Na atakayekufa kafa, harudi."

"Na baba yako anapata raha gani humo?"

"Muulize mwenyewe."

Anastazia hakumuuliza. Aliosha vikombe kwa kuvigonganisha.

Asubuhi yake alifungua genge lake kando ya barabara kama kawaida, akapanga vitunguu na mafungu ya mlenda mkavu. Hakuwa amemaliza alipotokea Laurenti akisukuma pikipiki, suruali imeganda saruji mpaka magotini. Laurenti alianza kwa Gaspari akibeba maji, akawa fundi, na miaka ya karibuni ndiye aliyekuwa mkono wake wa kulia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba Laurenti. Habari za kazi kule Mtinko?"

"Siyo nzuri. Fundi ameamka?"

Anastazia alichukua kitunguu akakifuta vumbi lisilokuwapo. Kila vijana wa Gaspari walipokuja nyumbani, yeye ndiye aliyetumwa mlangoni kusema fundi amelala. Alisema hivyo asubuhi, akasema hivyo jioni, akasema hivyo siku ambayo redio ya Gaspari ilikuwa ikisikika mpaka barabarani na mwenyewe akiimba nayo.

"Amelala," alisema.

Laurenti hakubisha. Alitazama viatu vyake. "Basi nitakwambia wewe, mama, umfikishie akiamka. Ile kazi ya nyumba ya muuguzi pale zahanati inatushinda. Kuta zimefika kwenye madirisha na zimeanza kuyumba. Calist hapokei amri yangu, anasema tulianza kazi siku moja. Na Damari, Calist huyo kamtoa kwenye kona, kamrudisha kubeba maji."

"Damari? Si fundi alimfundisha mwenyewe kusimamisha kona?"

"Ndiyo. Sasa Calist anasema hawezi kujenga kwa kufuata kona iliyosimamishwa na mwanamke. Nikimkatalia, anaweka mwiko chini. Damari naye hasemi kitu, na yule akinyamaza ujue mambo yameharibika. Kamati ya ujenzi inakuja wiki ijayo. Wamesema wakikuta hivyo hivyo wanatutoa, wanaleta mafundi kutoka mjini."

"Na mnataka mtu apande ukuta na mguu ule?"

"Hatutaki apande, mama. Tunautaka mdomo wake tu."

Alinunua fungu la vitunguu ambalo kwa hakika hakulihitaji, akalifunga nyuma ya pikipiki, akaondoka.

Anastazia alirudi nyumbani mchana akiwa anapanga maneno. Hakupata nafasi ya kuyasema. Uani alimkuta mwanamume asiyemfahamu amechuchumaa katikati ya zana za Gaspari, akibonyeza tairi za toroli kwa kidole gumba. Mirunda, ile miti ya kupandia ukutani, ilikuwa imetolewa yote nje na kulazwa chini. Gaspari alikuwa amesimama kizingitini na magongo yake.

"Nani huyu?"

"Mteja."

"Wa nini?"

"Wa zana."

Yule mtu aliinuka, akamsalimia Anastazia vizuri. "Toroli zimechoka, mama, lakini mirunda inafaa. Kesho nakuja na gari nibebe." Akamtupia Gaspari jicho la huruma. "Kwa vile mzee hazitumii tena."

Hakukuwa na ubaya katika sauti yake, na hilo ndilo lililouma. Alipoondoka, Anastazia alibaki amesimama na kapu lake mkononi.

"Hukuniambia."

"Zana ni zangu."

"Na vijana ni wa nani?"

"Watapata fundi mwingine. Mafundi wamejaa mjini."

Anastazia akamweleza aliyosema Laurenti, yote, bila kupunguza. Gaspari alisikiliza akitazama ncha za magongo. Mkewe alipofika kwenye habari ya Damari kurudishwa kwenye ndoo za maji, taya lilimcheza. Kisha akageuka, akaingia ndani, akakaa, akafungua kompyuta.

Siku nyingine Anastazia angekwenda jikoni. Siku hiyo alivuta stuli akakaa ubavuni mwa mumewe, na kapu lake miguuni.

"Nionyeshe."

"Nini?"

"Hicho kilichokuchukua. Nikione na mimi."

Gaspari alidhani anamdhihaki. Alipoona haondoki, akamgeuzia kioo. Palikuwa na uwanja wenye miamba na nyasi kavu, ungedhani ni njia ya kwenda Mtinko mwezi wa nane, lakini ardhi yote imegawanywa vyumba vyumba kama sega la asali. Watu wadogo walisimama humo, kila mmoja na chumba chake, na ngao, na mkuki.

"Hakuna haraka humu," Gaspari alieleza. "Mimi nawasogeza wangu, halafu adui anasogeza wake. Ukikosea, usimlaumu mtu."

Chini ya kila mtu palikuwa na jina. Anastazia alisoma la kwanza, akasoma la pili, akamgeukia mumewe. Elisha. Calist. Laurenti. Damari. Vijana wake wa kazi, wote.

"Walikuwa na majina ya Kizungu yasiyotamkika," Gaspari alijitetea. "Nikamwambia Agripina abadilishe."

Mwanzoni alizungumza kwa kusitasita, kisha akasahau. Elisha aliumizwa mkono kwenye vita iliyopita, amempumzisha nyuma kwenye mkokoteni. Calist ana nguvu kuliko wote ila ana hasira, ukimwacha peke yake anakimbilia mbele na kujimaliza, kwa hiyo humweka karibu na Damari. Damari haogopi na hasogei. Ukimweka pembeni mstari mzima unanyooka. Mkono wake ulikuwa unakata hewa, kama alivyokuwa akifanya zamani akimweleza mwenye nyumba mahali pa kuweka mlango. Anastazia hakuwa amesikia maneno mengi namna hiyo kutoka kwake tangu Pasaka.

"Na wewe ni yupi?"

"Mimi simo."

"Humo vipi, na kikosi ni chako?"

"Mkubwa wao haonekani. Yeye anawapanga tu."

"Na wanamsikiliza?"

"Wanamsikiliza."

Gaspari mwenyewe alisikia alichokisema, maana kidole chake kilisimama juu ya kitufe. Halafu akaendelea kucheza kwa haraka, kama mtu anayeikimbia mvua, na katika haraka hiyo akamsogeza Laurenti mahali pasipofaa. Wenye mashoka wakamzunguka. Laurenti alianguka kwa sauti ndogo, na jina lake likafutika.

"Rudisha nyuma, baba," Agripina alisema kutoka mezani alipokuwa akipiga pasi. "Ulihifadhi asubuhi. Ni kubonyeza tu."

"Hapana."

"Mbona wengine wote hurudisha?"

"Nimesema hapana. Mtu akianguka kaanguka."

Akaifunga. Ugali wa uwele aliowekewa ulikauka kwenye sahani.

Jua likiwa bado juu, Anastazia alimpelekea maji bafuni. Bafu lao lilikuwa la matofali, halina paa, na Gaspari hakuweza kuinama mwenyewe. Alikaa kwenye kigoda, mkewe akamsugua mgongo kama alivyofanya kila siku, na kila siku walifanya kazi hiyo kimya.

"Unajua siku niliyoanguka walinibeba juu ya mlango?" Gaspari alisema.

"Najua. Waliung'oa stoo."

"Lingine hulijui." Alisubiri mpaka kata ya maji imemwagika mabegani. "Nililia kama mtoto mdogo. Na nilijikojolea, Anastazia. Mbele ya Damari, mbele ya wote. Laurenti alivua shati lake akanifunika. Sasa kila nikisikia sauti yake pale nje, naliona lile shati."

Anastazia aliendelea kusugua. Hakumwambia pole, kwa sababu aliona pole zimeshamchosha.

"Siku namzaa Agripina," alisema, "nilimtukana sista wa wodi, nikamtukana na padri aliyekuwa anapita nje. Sauti ilifika mpaka kwa wagonjwa wa kuhara. Na siku ya ubatizo nilikaa benchi la mbele."

"Hiyo ni tofauti."

"Ni tofauti. Wewe hukumtukana padri."

Mabega ya Gaspari yalitikisika. Anastazia alifikiri analia, akainama kumtazama, akakuta anajizuia kucheka.

"Laurenti nitamwita kesho," alimwambia akimfunika taulo. "Sitamwambia umelala. Nimechoka kuusema uongo huo. Ukitaka uendelee, uuseme kwa mdomo wako."

Laurenti alifika Jumamosi asubuhi, amevaa shati safi lililopigwa pasi, kama anakwenda kuposa. Anastazia alimwelekeza mlangoni kwa kidevu. "Pita ndani. Yuko macho." Yeye akabaki barazani akichambua mchele pamoja na Agripina, mlango ukiwa wazi nyuma yao.

"Shikamoo fundi."

Mikono ya Anastazia ikasimama juu ya ungo.

"Marahaba," Gaspari alijibu. Kisha, kama mtu asiyejua aanzie wapi, akasema, "Jana umekufa."

"Mimi?"

"Mbele ya macho yangu. Nilikusogeza vibaya." Akamweleza habari ya kikosi, na mashoka, na kwamba kosa lilikuwa lake. Laurenti alisikiliza kwa adabu.

"Nilikuwaje?"

"Ulikuwa na ngao. Na ndevu mpaka kifuani."

"Ndevu," Laurenti alirudia, akajipapasa kidevu chake kisicho na kitu. "Nilipigana vizuri lakini?"

"Kuliko wote."

Walicheka kidogo, kicheko cha watu waliosahau namna ya kucheka pamoja. Kikaisha. Laurenti akasema, "Fundi, ile siku," na Gaspari akainua mkono kumzuia.

"Niache niseme, fundi. Ile siku Elisha alikimbia kwa miguu mpaka barabara ya lami kutafuta gari, na simu iko mfukoni mwake. Calist alitapika. Mimi nilipokufikisha hospitali nikarudi nyumbani, nikashindwa kufungua mlango wangu mwenyewe, mke wangu akanifungulia. Kila mmoja ana lake la siku ile. Sisi lako hatulikumbuki, fundi. Tunakumbuka kwamba hukufa."

Barazani, Agripina alimtazama mama yake. Mama yake aliinamia ungo.

Ndani, sauti ya Gaspari ilisikika ikiwa kavu, ya kazi. "Kona iliyoanza kuyumba ni ya upande wa mawe au wa barabara?"

"Wa mawe."

"Kozi ngapi za matofali za kubomoa?"

"Tano, labda sita."

"Ni sita. Usiseme labda."

Walikuwa bado kwenye hilo, kirikuu ya kubebea mizigo ilipoingia uani, na yule mteja wa zana akashuka na kamba begani. Gaspari alitoka mpaka kizingitini. Alichelewa kidogo kusema, kwa kuwa si rahisi kugeuza neno lako mbele ya mtu uliyemwita mwenyewe.

"Ndugu yangu, nisamehe. Siuzi tena."

"Mzee, tulishakubaliana. Nimechoma mafuta kuja huku." Yule mtu alitazama magongo. "Na utazitumiaje, umekaa?"

"Ndiyo. Nikiwa nimekaa."

Mtu alisonya, akaanza kuikunja kamba yake.

"Gari lako lina kazi Jumatatu?" Gaspari alimuuliza.

"Halina."

"Basi lina kazi. Tupeleke Mtinko, mimi na zana hizi. Nauli yako utapewa, na mafuta ya leo tutayaweka humo humo."

Yule mtu alisimama akifikiri, kisha akacheka peke yake, akawauliza watu wa nyumba ile kama kuna maji ya kunywa.

Jumatatu Anastazia alifunga genge, akachukua sufuria kubwa na unga, akaenda kuwapikia. Walimweka Gaspari kwenye kiti cha plastiki kivulini mwa rundo la matofali, mbele ya ule ukuta. Upepo wa Mtinko ulikuwa unavuma kama kawaida yake, unabeba makapi ya alizeti kutoka mashamba yaliyovunwa na kuyabandika kwenye saruji mbichi. Elisha alimsalimia akamshika mikono yote miwili, akamuuliza kama kwenye kompyuta naye ana ndevu. Damari, mwanamke mrefu mwenye kilemba cha kitenge, alisema shikamoo na kuinama kidogo, basi, akarudi kwenye ndoo zake. Calist alisalimia akiwa mbali.

Walibomoa kozi sita bila ubishi. Taabu ilianza kwenye kujenga.

"Damari, acha ndoo. Shika kona," Gaspari alisema. "Calist, wewe fuata kamba yake."

Calist hakusogea. "Kona hii ni yangu, fundi."

"Ilikuwa yako. Tumetoka kuibomoa."

"Nitaijenga upya."

"Nimesema Damari."

"Nani atanipa kazi mjini wakisikia nilikuwa chini ya..." Calist alianza, na Gaspari akashikwa na hasira, hasira ya miezi yote ile aliyokaa kwenye kochi. Akapaza sauti mbele ya wote, mbele ya wagonjwa waliokuwa wakisubiri kwenye baraza ya zahanati.

"Mkono wako huo ni wa kumwagia kuku mtama. Siyo wa kujengea."

Watu wawili watatu barazani wakacheka. Calist aliweka mwiko juu ya ukuta, polepole.

"Fundi, mimi siyo wa kwenye kompyuta yako, unisogeze unavyotaka," alisema, akaondoka kuelekea barabarani.

Gaspari alimwita. Upepo ulilichukua jina. Akamwita tena. Laurenti alianza kumfuata, na Gaspari akamwambia aache.

"Huyu nimemtoa mimi," alisema, akashika magongo, akajiinua.

Kutoka pale mpaka barabarani ardhi ilikuwa mbaya, mchanga wa kuzamisha, kokoto, matuta ya shamba la mtu. Anastazia aliacha sufuria motoni. Hakuthubutu kumshika, hakuthubutu kumwacha. Alichukua kile kiti cha plastiki, akajitwika kichwani, akamfuata nyuma, ili akichoka awe na pa kukaa. Gaspari alitembea, akasimama, akatembea. Mara moja gongo lilizama na mwili ukayumba wote, Anastazia akafumba macho, na alipofumbua mumewe alikuwa bado wima, anapumua kwa mdomo, anaendelea.

Calist alikuwa amekaa juu ya jiwe anasubiri usafiri. Alipowaona wanakuja namna ile, mmoja na magongo na mwingine na kiti kichwani, alisimama.

"Ungebaki tu, fundi. Ungeniacha niende."

"Nimekuja kukuomba radhi kwa lile la kuku. Sikutakiwa kulisema, tena mbele za watu." Gaspari alisogeza gongo. "Nimezoea watu wasionuna."

Calist hakucheka. Alikuwa anautazama ule mguu. "Si hukutaka kuniona. Tangu siku ile hukutaka."

"Sikutaka kumwona mtu yeyote."

"Mimi hasa. Mimi ndiye niliyefunga mrunda wa upande wako. Nimekuja kwako mara ngapi? Kila nikija naambiwa umelala. Nikajua. Nikasema basi, hatanisamehe, na nitafanya kazi kama mtu asiye na fundi."

Anastazia alikishusha kiti. Aliona siku zile zote pale mlangoni, na huyu kijana akiitikia "haya mama" na kurudi zake kichwa chini.

"Aliyekuwa anasema amelala ni mimi, Calist," alisema. "Nilikuwa naongopa. Na hakuwa anajificha kwa sababu yako."

"Fundo lako halikufunguka," Gaspari alisema. "Elisha aliliona likiwa limeshika vile vile. Ni upepo ulionitupa, na wewe mwenyewe uliniambia tushuke. Unakumbuka nilikujibu nini?"

"Ulisema tumalize kozi moja."

"Nilisema tumalize kozi moja."

Gari lililokuwa likitoka Singida lilipunguza mwendo, dereva akawatazama, Calist akalipungia mkono lipite.

"Damari anaijua kona kuliko wewe," Gaspari aliendelea. "Hilo siwezi kukudanganya ili urudi. Lakini ukuta kutoka kona hadi kona, nani ataupandisha haraka kuliko wewe? Elisha?"

Kwa jina la Elisha, ambaye hutumia asubuhi nzima kuchagua tofali, mdomo wa Calist ulilegea. Alijifuta uso kwa mkono wa shati.

"Kaa upumzike kwanza," alisema.

"Nikikaa hapa sitainuka. Twende."

Calist alimpokea Anastazia kiti. Walirudi watatu, polepole kuliko walivyokuja, na pale kwenye matuta Calist alitembea upande wa upepo.

Kazini kila mtu alikuwa ameinama, anajifanya hakuona. Damari alikuwa juu ya kona, ameshikilia timazi, anasubiri risasi yake itulie. Karai lake lilikuwa tupu.

"Udongo," alisema, bila kumwambia mtu.

Calist aliweka kiti kivulini. Alishika beleshi, akajaza karai udongo wa saruji, akalibeba begani, akaliweka juu ya ukuta karibu na mkono wa Damari.

"Umeweka maji mengi?" Damari alimuuliza.

"Yanatosha."

Damari alichota kwa mwiko, akatazama unavyoanguka. "Yanatosha," alikubali. "Nyoosha kamba, basi, tuanze."

Wakala chakula cha mchana, wakarudi juu. Alasiri alikuja Klara, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na maneno yake ya kuwafukuza yakiwa tayari usoni. Alifumba jicho moja akautazama ukuta toka mwisho hadi mwisho, akaenda upande wa pili akafanya vile vile.

"Hii kona kasimamisha nani?"

Mafundi walitazamana. Anastazia, akisugua sufuria, alisimamisha mkono.

"Damari," Calist alijibu.

Klara alimtafuta kwa macho huyo Damari, akamwona juu pale, akatikisa kichwa kama mtu aliyeletewa mzigo mzuri kuliko alioagiza. "Endeleeni," alisema. "Nitapita tena Ijumaa."

Nyumba ile ilikuja kuezekwa kabla ya mvua, na mwisho wa mwaka kikosi chote kikaitwa Kilimatinde kujenga darasa, Gaspari akiwa na gongo moja. Lakini jioni hiyo hayo yote yalikuwa hayajajulikana. Palikuwa na ukuta uliofika usawa wa madirisha, na jua la kutosha, na upepo uliokuwa unaongezeka kutoka upande wa mawe. Mirunda ilianza kulia. Kozi waliyokuwa nayo ilibakiza matofali machache tu ifike kona, na Calist alikuwa ameshalichukua moja mkononi.

Gaspari alikuwa amesimama, amejiegemeza kwenye magongo, uso ameuelekeza kule upepo unakotoka.

"Shukeni," alisema. "Tutamaliza kesho."

Wakashuka mmoja mmoja, Damari wa mwisho. Gaspari hakukaa mpaka miguu ya wote ilipogusa chini.